Fundi Umeme Anajibu: Taa zang'aa, televisheni yafuka moshi

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu hapa Tanga ina fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme. Jana taa za sebuleni ziling'aa kupita kiasi, za jikoni zikafifia, televisheni ikafuka moshi. Jirani anashauri tuweke fyuzi kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha umeme.

JIBU: Marahaba. Zima mein swichi kwanza, ndipo uendelee kusoma. Nyutro imekatika au imelegea. Vifaa vya fezi mbili sasa vinagawana volti 400 badala ya kila upande kupata 230, na upande wenye mzigo mdogo ndio unaopata volti nyingi na kubabuka. Fyuzi kwenye nyutro? Thubutu! Fyuzi hiyo ikikatika, nyutro nayo imekatika: balaa hilohilo. Waite shirika la umeme wakague viungio vya nguzoni. Shaba na alumini zikikazwa pamoja ovyo huliwa haraka, hasa kwa hewa yenu ya chumvi.