Mipigo mitatu kwenye grini: rekebisha umbali kwanza

Ndugu mcheza gofu, kama unamaliza kila grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwa mipigo mitatu, usikimbilie kununua fimbo mpya. Mara nyingi tatizo ni umbali: mpira wa kwanza unaishia mita mbili kabla ya shimo au unalipita kwa kiasi hicho.

Chomeka tii (vijiti vidogo vya kuwekea mpira) kwenye hatua 3, 6 na 9 kutoka shimoni. Piga mipira mitatu kila kituo, ukitaka isimame ndani ya nusu mita ya shimo. Umbali ukiongezeka, refusha mzunguko wa fimbo nyuma na mbele, ila mwendo ubaki uleule. Wengi hurudisha fimbo kidogo kisha huongeza nguvu kwa viganja. Hapo uso wa fimbo hugeuka na mpira hupotea njia.

Kwa mwelekeo wa mpira, chomeka tii mbili, kichwa cha fimbo kipite katikati kwa upenyo wa kidole kila upande. Mwalimu akukague macho na mabega yamekaaje, maana makosa ya hapo huwezi kuyaona mwenyewe.

Ukiwa mbali, kusudia mipigo miwili tu. Hofu ya kukosa hukaza mikono, na mikono iliyokazwa haihisi umbali.