Mzee wa Santuri Anajibu: Jalada Lisilo na Jina la Bendi

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi Long Beach, California. Jumamosi moja nilipita kwa muuza vitu vya zamani nikanunua santuri mbili ndani ya jalada moja, Everything Went Black, ya mwaka 1982. Muuzaji aliapa kwamba ni ya bendi ya pank, ile roki ya mbio na makelele, iitwayo Black Flag. Nimeligeuza jalada mbele na nyuma, jina hilo silioni. Naona majina ya watu tu, akiwemo mmoja anaitwa Johnny "Bob" Goldstein. Halafu kuna nyimbo zinarudiwa mara tatu. Je, nimeuziwa feki?
Msomaji, Long Beach

JIBU: Marahaba mwanangu. Sijaishika hiyo nakala yako, kwa hiyo siwezi kuiapia, lakini kama wasiwasi wako ni jina, ondoa shaka. Toleo la mwanzo lilitoka hivyohivyo, bila jina. Yaliyofuata ndiyo yaliyoandikwa Black Flag waziwazi. Ningekuwa jirani yako, leo ningekuwa mlangoni kwako.

Kisa chenyewe kilianzia hapo karibu na unapoishi, Hermosa Beach. Mpiga gitaa Greg Ginn alikuwa fundi wa redio tangu utotoni, akiuza kwa posta vifaa vya wapenzi wa redio za mawasiliano. Biashara hiyo aliiita SST. Januari 1978 bendi ikarekodi nyimbo nne ambazo zote kwa pamoja hazizidi dakika sita. Kampuni iliyotarajiwa kuzitoa ikasuasua, basi Ginn akachukua jina la biashara yake ya redio, akaligeuza kampuni ya santuri, akazitoa mwenyewe mwaka 1979. Mimi nimekula mkate wa kuchomelea redio miaka 31 pale Gerezani, kwa hiyo usishangae nikimpenda mtu huyu kabla sijasikia hata nyimbo zake.

Balaa lilianza 1981. Walikuwa na albamu kamili, Damaged, wakaingia mkataba na kampuni iitwayo Unicorn, ambayo santuri zake zilisambazwa na wakubwa wa MCA. Bosi mmoja wa MCA akaisikiliza, akasema yeye kama mzazi anaiona ni santuri ya kuwapinga wazazi, akakataa kuisambaza. Vijana wakachukua maneno yake, wakayachapa kwenye stika na kuibandika juu ya jalada. Mtu anakutukana, wewe unalifanya tusi lake tangazo la biashara! Lakini Unicorn na bendi wakaishia mahakamani wakivutana, na mahakama ikaweka zuio: hakuna kutoa santuri mpya kwa jina la Black Flag mpaka kesi iishe.

Sasa bendi isiyoweza kutoa kazi mpya itakula nini? Ginn alikuwa na mikanda ya zamani, iliyorekodiwa kati ya 1978 na 1981, mingi haijawahi kutoka. Akaikusanya, akaitoa, na mahali pa jina la bendi akaweka majina ya wanamuziki. Nadhani hesabu yake ilikuwa kwamba zuio linagusa jina la bendi, halizuii mtu kuitwa Greg Ginn. Mahakama haikufurahishwa na ujanja huo. Mwaka 1983 Ginn na mpiga besi Chuck Dukowski walilala jela siku tano kwa kudharau amri. Unicorn ilipofilisika ndipo wakapumua, na mwaka 1984 wakafungulia bomba: albamu tatu za studio ndani ya mwaka mmoja.

Huyo Goldstein unayemtafuta ni jina la bandia la Keith Morris, mwimbaji wa kwanza, aliyeondoka 1979 akaanzisha bendi ya Circle Jerks. Wa pili ni Ron Reyes, kijana mwenye asili ya Puerto Rico. Jina alilobandikwa kwenye jalada ni tusi, sitaliandika hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa mpaka na mama mkwe wangu. Huyu aliacha bendi katikati ya onyesho, wenzake wako jukwaani wanapiga. Wa tatu ni Dez Cadena, ambaye koo lilimchakaa kwa kupiga kelele kila usiku, akaomba ashike gitaa. Ndipo akaletwa Henry Rollins, meneja wa duka la aiskrimu kutoka Washington. Rollins ndiye dunia inayemjua, lakini kwenye santuri yako hayumo. Hiyo ni bendi kabla yake.

Na ndiyo sababu ya nyimbo kurudiwa. Weka "Gimmie Gimmie Gimmie" ya Morris, kisha ya Reyes, kisha ya Dez. Morris anaimba kama kijana anayegombea chenji na kondakta. Reyes ana haraka, kama anayejua ataondoka. Dez sauti imekwaruza, na gitaa la Ginn nyuma yake limekuwa zito na chafu zaidi. Fanya hivyohivyo na "Depression". Sisi tuliozoea kumsikia mwimbaji yuleyule mara yuko Msondo, mara kahamia Sikinde, tunaelewa upesi: wimbo ni uleule, lakini ukibadilisha koo unabadilisha hata namna mpiga ngoma anavyopiga.

Upande wa mwisho watu wengi hawaurudii. Ni matangazo ya redio ya maonyesho yao yaliyounganishwa, zaidi ya robo saa, makelele na mizaha mitupu. Mimi ndio ninaoupenda. Unasikia bendi isiyo na pesa ikijinadi yenyewe, kama mpiga debe wa Kariakoo aliyekabidhiwa kipaza sauti.

Nikuungamie jambo. Nakala yangu niliipata 1994 kwa baharia aliyekosa pesa ya kunilipa ufundi. Nilipoiweka, nikaamini mashine inakimbia, iko kwenye spidi ya 45 badala ya 33. Nikaizima, nikafungua kifuniko, nikakagua mota na mkanda, nikapaka mafuta. Mteja mmoja akasimama anangoja redio yake nusu saa nzima. Nikairudisha. Mbio zilezile.

Ushauri wangu: kama hii ndiyo santuri yako ya kwanza ya Black Flag, iweke kando kidogo. Tafuta The First Four Years ya 1983, iliyokusanya santuri zao ndogo za waimbaji haohao watatu. Haifiki hata nusu saa, na ndizo rekodi walizozichagua wenyewe wakati ule. Ukizizoea hizo, rudi kwenye hii uone zilivyokuwa kabla hazijanyooka. Machoni pa mgeni, Everything Went Black ni karakana yenye vyuma vimezagaa.

SWALI: Mzee, nimenunua fulana ya mtumba hapa Morogoro ina mistari minne minene myeusi, mmoja juu mwingine chini. Kijiweni wananiambia ni alama ya Freemason, niichome moto. Nifanyeje?
Kijana wa Kihonda

JIBU: Nacheka mpaka miwani inaanguka. Hiyo ni alama ya bendi hiihii niliyoieleza hapo juu. Aliichora Raymond Pettibon, mdogo wake Greg Ginn, ambaye leo michoro yake inaning'inizwa kwenye makumbusho makubwa. Mistari hiyo ni bendera nyeusi inayopepea. Bendera nyeupe ni ya kusalimu amri, basi wao wakachukua nyeusi. Tena waambie kijiweni kwamba kule Marekani Black Flag ni jina la dawa ya kuua mende pia.

Ivae. Ukiifua, igeuze ndani nje na usitumie maji ya moto, maana chapa za mitumba hubanduka.