Maswali na majibu: Nyumba za shamba za Uskoti na mabanda yake

Swali: Kwenye picha za mashamba ya zamani ya Uskoti, mabanda yamezunguka ua kama boma. Walikuwa wanaogopa wezi?

Jibu: Wezi si sababu kubwa. Adui ni upepo, na mali ni samadi. Ng'ombe walifungiwa zizini miezi ya baridi, samadi ikarundikwa katikati ya ua kungoja kupelekwa shambani. Mpango huu ulienea tangu karne ya 18, wenye ardhi walipoanza kupanga upya mashamba yao. Kabla ya hapo wengi waliishi paa moja na mifugo. Nyumba namba 42 ya Arnol, kisiwa cha Lewis, imehifadhiwa hivyo: ng'ombe upande mmoja, watu upande wa pili, moto katikati ya sakafu, bomba la moshi hakuna. Watu walikaa humo hadi 1966!

Swali: Kile kijumba cha duara kilichobandikwa ghalani ni cha nini?

Jibu: Cha farasi. Walizunguka humo, na mhimili uliopita ukutani ukazungusha mashine ya kupuria nafaka ndani ya ghala. Mashine hiyo ni kazi ya Andrew Meikle, fundi wa vinu wa East Lothian, mwaka 1786. Baadaye mvuke ukawapumzisha farasi, ndiyo maana baadhi ya mashamba ya huko yana bomba refu la matofali utadhani kiwanda.

Swali: Na mnara wenye vishimo ndani?

Jibu: Wa njiwa, kitoweo hicho. Ule wa Phantassie, karibu na East Linton, una viota kama 500, na paa lake limeinamia kusini wapate jua. Njiwa walijilia nafaka za majirani, mwenye mnara akala njiwa.

Swali: Mwanangu amenunua nyumba ya namna hiyo. Kuta zina unyevu, fundi anataka kupiga lipu ya saruji nje. Nimwambieje?

Jibu: Mama, mpigie simu leo, fundi asubiri. Kuta hizo kwa kawaida ni safu mbili za mawe, katikati kifusi, na kiungo chake ni chokaa. Mvua ikiingia kidogo, upepo unaikausha kupitia chokaa hiyohiyo. Saruji haitoi nafasi hiyo. Inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia, hayatoki. Yakiganda usiku, lipu inabanduka vipande vipande na jiwe linamomonyoka nyuma yake. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huu kwenye kuta za mawe ya matumbawe, ila kwao mharibifu ni chumvi.

Kwanza azibue mifereji ya paa, maana mara nyingi shida yote inaanzia hapo. Saruji ya zamani, kama ipo, itolewe taratibu kwa patasi. Ndipo ukuta utupiwe kwa mwiko chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto ndogo, tabaka kwa tabaka, miezi ya joto. Chokaa mbichi ikigandishwa na baridi haishiki.

Swali: Na akibomoa mabanda ya nyuma apate maegesho?

Jibu: Kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa (daraja A, B au C), mabanda ya kiwanjani yaliyojengwa kabla ya 1 Julai 1948 kwa kawaida yanalindwa nayo, na kubomoa bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Aangalie kwanza kama kuna banda la mikokoteni, lile lenye matao. Gari dogo mara nyingi linaingia humo bila kugusa jiwe.