Namba 2147483647, kabla hujashika kalkuleta

Ninyi mnaoanza kidato cha tano huku Mtwara na Lindi, anzeni na korosho. Mwaga korosho 91 mezani, uzipange kwa mistari iliyo sawa. Zinakubali: mistari 7, kila mmoja korosho 13. Ongeza 6, ziwe 97, halafu panga mpaka jioni. Hazikai ila kwenye mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo namba tasa. Namba 91 huwaponza wengi kwa kuwa haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, wakaiandika tasa kwa sura tu.

Sasa 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Njia ya darasani ni kujaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, kama 46340. Ziko 4792. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyethibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa, hakujichosha hivyo. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 62 (kipeo mara mbili), lazima kibakize 1. Ukikigawanya kwa 8, kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo: kwa 248 kitabakiza 1 au 63. Basi, ukiacha 63 yenyewe ambayo ni 7 mara 9, orodha ni 249, 311, 497, 559, na kuendelea hadi 46340; zote ni 372. Humo humo chuja tena: 249 ni 3 mara 83, tupa. 497 ni 7 mara 71, tupa. 559 ni 13 mara 43, nayo tupa.

Kati ya hizo nne za mwanzo inabaki 311. Gawanya, kalkuleta itaonyesha 6905092.113. Desimali hizo achana nazo. Zidisha 6905092 kwa 311, unapata 2147483612. Baki ni 35, kwa hiyo 311 si kigawo. Andika baki kwenye daftari kila mara, maana ukiruka moja huna pa kurudia.

Msidhani kipeo kikiwa tasa basi jibu nalo ni tasa. Kipeo 11 kinatoa 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hata Marin Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 aliingiza 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa, na ilikuwa kosa.

Iko njia fupi zaidi, ya wanahisabati Lucas na Lehmer. Ijaribuni kwa 127, ambayo kipeo chake ni 7. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa 127, rudia mara 5: 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri ikitokea mwishoni, ni tasa. Kwa 2147483647 hatua ni 29, ila msitumie kalkuleta ya mkononi: kuna hatua zinazofika tarakimu 18 au 19, yenyewe inakadiria za mwisho, na baki lote linaharibika bila onyo lolote.