Sarafu juu ya mkono wa pleya: iondoe leo

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia sanduku la santuri: 45 nyingi (zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika) za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapa Tanga, LP chache (zile kubwa za nyimbo nyingi), na mbili nzito za zamani zilizoandikwa 78. Nimenunua pleya ya bei nafuu, ile ya mkoba yenye spika ndani. LP zilikuwa zinaruka, hasa besi ikiingia. Fundi wa hapa mtaani akanishauri niweke sarafu juu ya mkono, na kweli zimeacha kuruka. Je, niiache hapo? – Binti, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, binti. Pole kwa kuondokewa na mzee. Toa kwanza hiyo sarafu, halafu tuzungumze.

Pleya zenye sarafu iliyobandikwa kwa selotepu naletewa kila mara, nyingine zina nati, nyingine betri ya saa. Wenye nazo wote husema kama wewe: imeacha kuruka. Ni kweli imeacha, na ndiyo maana ushauri huu haufi.

Sauti ya santuri imechongwa kwenye kuta mbili za mfuo, ule mstari mwembamba unaozunguka santuri, na besi ndiyo inayoupinda mfuo kwa upana zaidi. Sindano inatakiwa iyumbe pamoja na mfuo, kushoto kulia, bila ubishi. Sasa pleya za mkoba zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya seramiki, ambayo ni ngumu. Ikikutana na besi nzito inashindwa kufuata kona, inachupa nje. Ukiipandishia sarafu hujaifundisha kukata kona; umeizuia tu isitoke, kwa hiyo inapita kwa kukwangua ukuta.

Tupige hesabu. Katriji hizo tayari hukandamiza santuri kwa gramu 5 hadi 6. Katriji za sumaku zilizo kwenye pleya nzuri zaidi hutumia gramu 1 na nusu hadi 3 na nusu tu. Sarafu zetu nyingi zina zaidi ya gramu 5. Jumla inapita gramu 10, na zote zinaishia kwenye ncha iliyo nyembamba kuliko unywele. Hapo sindano inalima. Kinacholiwa kwanza ni sauti za juu: matoazi, "s" za mwimbaji, ule ukali wa gitaa la solo. Siku ya kwanza husikii kitu. Baadaye unaanza kudhani baba alinunua santuri mbovu, na hakuna sabuni wala fundi atakayerudisha kilicholimwa.

Wapo pia wajanja wa upande wa pili, waliosikia kwamba uzito unaharibu, wakabandika sarafu nyuma ya mkono ili upungue. Nao wanakosea. Sindano nyepesi kuliko ilivyopangiwa inagongagonga kuta za mfuo, na kugonga nako kunaharibu. Kila katriji ina kiwango chake cha uzito kilichowekwa na kiwanda. Kifuate.

Kuhusu kuruka kwenyewe, chanzo unaweza kukitambua kwa masikio. Ikiruka pale pale kila mara, kwenye santuri ile ile, tatizo liko kwenye santuri: mkwaruzo au uchafu. Ikiruka popote, kwenye santuri yoyote, tatizo ni la pleya au la mahali ilipokaa. Wewe unalalamikia LP, na besi, na 45 hujazitaja. Kwa pleya ya mkoba sishangai. Kisahani chake ni kidogo, LP ya inchi 12 inaning'inia pembeni, na ikiwa imepinda kidogo mkono unapanda na kushuka. Tena spika zimo ndani ya sanduku hilo hilo: besi inatikisa sanduku, sanduku linatikisa sindano. Punguza sauti kabisa, uipige tena sehemu iliyokuwa inaruka. Ikipita salama, umeshamjua mchawi. Chukua waya wa pini nyekundu na nyeupe, unganisha na sabufa, na hiyo sabufa usiiweke meza moja na pleya. Azima pimamaji kwa seremala uone kama pleya imekaa sawa.

Kisha osha santuri. Zilizokaa kabatini pwani kwa miaka mingi huwa na vumbi na ukungu ndani ya mifuo. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, lakini soma chupa vizuri, maana kwa jina hilo hilo la maji ya betri watu huuziwa asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini, unazungusha kufuata mifuo, lebo isilowe. Suuza, zikauke kivulini.

Ila yanayonichosha ni ya mitaani. Kuna wanaopaka santuri mafuta ya nazi ili zing'ae kabla ya kuziuza. Mafuta yananasa vumbi, na sindano inalisukuma humo humo. Ukiokota santuri inayong'aa huku inanukia jikoni, iache. Kuna wanaonyoosha santuri zilizopinda kwa pasi. Kuna wanaonoa sindano kwa msasa, eti imekuwa butu! Ncha ya sindano hutengenezwa ikiwa ya mviringo na laini. Inapochakaa ndipo inapata kingo kali, na kingo hizo hukata. Sindano ya yakuti, kama hiyo yako, huchakaa upesi. Ya almasi inadumu mara nyingi zaidi. Zote dawa yake ni moja, kubadilisha, na sindano mpya ya pleya kama yako ni ya bei ndogo. Anayekuambia atainoa anataka hela yako, na atakayelipa zaidi ni santuri. Nyingi kati ya 45 za bendi zetu hazikuwahi kutolewa tena kwa namna yoyote. Ukiiua hiyo uliyonayo, huenda usiione nyingine.

Kwa hiyo pleya ya mkoba itumie kwa santuri usizozionea uchungu, ujifunze nayo. Za mzee zisubiri. Ukipata nafasi, tafuta pleya yenye katriji ya sumaku. Audio-Technica AT-LP60X, kwa mfano, uzito wake umeshapangwa kiwandani, na ndani ina kikuza sauti cha santuri. Nyuma yake kuna swichi: ukiunganisha na sabufa weka LINE. Ukiiacha kwenye PHONO, sauti itatoka nyembamba na ya mbali, na najua watu waliorudisha pleya nzima dukani kwa sababu ya swichi hiyo.

Zile mbili za 78 usiziguse kwanza. Si vinaili, ile plastiki ya LP. Ni za sheleki, utomvu wa wadudu uliokaushwa; zinavunjika zikianguka, na spiriti huziyeyusha, kwa hiyo usithubutu kuzisafisha nayo. Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 ni za aina hii. Mifuo yake inataka ncha pana, karibu mara nne ya ile ya LP. Pleya yako inaweza kuwa na kasi ya 78 kwenye swichi, lakini kasi bila sindano yake haikusaidii: ncha ndogo inazama hadi chini kwenye uchafu, na unga wa mawe uliochanganywa kwenye sheleki unaisaga yakuti. Kisha ukitoka hapo unaiweka sindano hiyo hiyo iliyosagika juu ya Atomic Jazz.