Jina la fundi na daftari lake: niliyojifunza kwa Ann Lowe

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kampemba aliniandikia hivi: "Yaya (dada mkubwa), nimeshona gauni la harusi ambalo picha zake zimezunguka katika simu za mji mzima, lakini hakuna aliyetaja jina langu, na nikipiga hesabu sioni hata faranga iliyobaki. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule, lakini jibu lile halikuniridhisha, kwa sababu swali lake nimeishi nalo tangu nilipofungua atelye yangu, yaani karakana ya ushonaji, hapa Kamalondo mjini Lubumbashi. Aliyenifundisha kulijibu si fundi wa Lubumbashi wala wa Kinshasa, bali ni mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1981, ambaye wengi wetu tumeiona kazi yake bila kujua kuwa ni yake. Jina lake ni Ann Lowe.

Sisi wa Katanga tunamkumbuka John Kennedy kwa sababu ya Umoja wa Mataifa na mwisho wa serikali ya Tshombe aliyeitenga Katanga na Kongo, si kwa sababu ya mavazi ya mkewe, Jacqueline. Hata hivyo picha ya harusi yao, iliyofungwa Newport katika jimbo la Rhode Island tarehe 12 Septemba 1953, imechapishwa mara nyingi mno hata ni vigumu kwa mtu anayeshona kutoiona. Itazame kwa jicho la fundi. Gauni, alilolishona Ann Lowe, ni la tafeta ya hariri, rangi ya pembe za ndovu, na lilikula yadi 50 za kitambaa, yaani karibu mita 46. Kifua kimejengwa kwa vipande vyenye mikunjo midogo vilivyopishana kama ukili wa mkeka. Shingo ni pana, inayaacha mabega yaonekane. Sketi imezungushiwa mapindo yaliyofanya duara kubwa kubwa, na humo vimewekwa vijiua vidogo vya mchungwa vilivyotengenezwa kwa nta. Bibi harusi mwenyewe, inasemekana, alikuwa anataka kitu chepesi zaidi cha mtindo wa Kifaransa. Mimi ninaamini fundi alikuwa na haki kuliko bibi harusi, lakini hilo ni suala la ladha.

Ann Lowe alizaliwa mwaka 1898 katika mji mdogo wa Clayton, jimbo la Alabama. Bibi yake alikuwa amezaliwa utumwani na alikuwa mshonaji. Mama yake alisifika kwa tarizi. Mtoto aliokota vipande vilivyoanguka sakafuni akavigeuza kuwa maua ya kitambaa, akiyaiga maua aliyoyaona bustanini, na maua hayohayo ndiyo yaliyokuja kuwa alama ya mikono yake maisha yote. Mama alipofariki mwaka 1914 aliacha magauni manne ya dansi ya mke wa gavana wa Alabama yakiwa hayajamalizika, na binti huyo, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, akayamaliza. Mwaka 1917 alikwenda New York kusomea ubunifu wa mavazi, na kwa kuwa alikuwa mweusi alitengwa na wenzake, akawekwa kusoma peke yake katika chumba kingine. Kazi zake, lakini, ndizo zilizochukuliwa na kuonyeshwa kwa wale waliokataa kukaa naye. Miaka yake ya Tampa, huko Florida, ninaipita. Alishona sana, akaweka akiba, na mwaka 1928 akahamia New York moja kwa moja, ambako wateja wake wakawa familia ambazo majina yao yameandikwa kwenye benki na viwanda: Rockefeller, du Pont, Auchincloss.

Mwaka 1947 mwigizaji Olivia de Havilland alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Oscar akiwa amevaa gauni la bluu hafifu lenye maua yaliyopakwa rangi kwa mkono. Lilikuwa gauni la Ann Lowe. Lebo iliyokuwa ndani yake ilikuwa na jina la mtu mwingine, kwa sababu fundi wakati huo alikuwa anafanya kazi chini ya duka la mtu mwingine.

Ninapofika hapo katika habari zake, mimi husimama. Familia moja ya mtaa wa Golf iliwahi kuniletea harusi nzima: gauni la bibi harusi, magauni ya wapambe, na ya mama wazazi wote wawili. Kitambaa nilikifuata mwenyewe Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bitana niliichagua kwa kuifikicha kati ya vidole, maana bitana mbovu humjulisha mvaaji kabla ya mtazamaji. Kifua nilikishona kwa mkono, kwani ushanga ukipita chini ya mguu wa cherehani huvunjika. Umeme ulipokatika usiku, wasichana wangu walishika tochi za simu huku mimi nikifunga kila shanga kwa fundo lake, ili moja ikikatika zisimwagike zote. Huo ndio ufundi, na sioni haya kuutaja.

Siku ya sherehe niliketi karibu na mlango wa jiko la ukumbi, sindano yenye uzi mweupe nimeichomeka ndani ya kola yangu, kwa kuwa fundi wa harusi hali wali wake kwa utulivu. Bibi harusi alipoingia, mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba gauni lile limetoka Dubai. Vigelegele vikapigwa. Mama yake bibi harusi, ambaye mabega yake niliyapima kwa mikono hii, alitabasamu na hakusahihisha. Salio langu nililidai baadaye kwa heshima zote, nikaambiwa, "Mama, utuvumilie, harusi imetumaliza." Mpaka leo ninavumilia. Ila shangazi mmoja wa bwana harusi, mwanamke asiyesema mengi, alikuwa ameshika upindo wa lile gauni wakati wa picha, akaugeuza, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. Huyo ndiye aliyeniletea harusi iliyofuata, na aliilipa yote kabla sijagusa mkasi.

Sasa rudi Newport. Siku 10 kabla ya harusi ya Kennedy, maji yalifurika katika atelye ya Ann Lowe kule New York. Magauni 10 kati ya 15 yaliharibika, na gauni la bibi harusi, lililokuwa limechukua takriban miezi miwili, likawa miongoni mwa hayo. Alinunua kitambaa kingine, akaajiri watu wa kumsaidia, akakata na kushona upya usiku na mchana, na magauni yakafika kwa wakati. Faida aliyokuwa ameitarajia ilikuwa dola 700. Badala yake alipata hasara ya dola 2,200. Hakuiambia familia ile neno lolote. Alipofika na magauni, mlinzi akamwelekeza apitie mlango wa nyuma, naye akajibu kwamba kama atalazimika kupita nyuma, basi hakuna bibi harusi wala mpambe atakayevaa. Akapita mbele. Magazeti ya kesho yake yalieleza gauni hilo kwa kirefu, na jina lake halikuandikwa katika yale makubwa.

Watu wanaosimulia kisa hiki huusifu ukimya wake kuhusu mafuriko. Mimi siusifu. Ujasiri wa mlangoni ninauheshimu kwa moyo wote, lakini ule ukimya uliiokoa harusi ukamfilisi fundi, na familia iliyokuwa na uwezo wa kulipia yadi nyingine 50 bila kutikisika haikupewa hata nafasi ya kujua. Dada zangu mnaoshona, msimu wa mvua paa likivuja juu ya kitambaa cha mteja, mpigieni simu siku hiyohiyo. Mwambieni kilichoharibika, mwambieni bei yake, na mkubaliane nani atalipa nini. Mteja anayekasirika leo ni bora kuliko deni utakalolilipa mwaka mzima kwa kushona sare za shule. Ninajua mtasema kwamba mteja ataondoka. Aondoke. Tumezoeshwa kuamini kwamba fundi mwema ni yule anayeumia bila kusema, na malezi hayo yamewanufaisha wateja tu.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa maisha ya Ann Lowe yananiuma zaidi kuliko habari za harusi. Kwa miaka mingi aliyeshika daftari lake alikuwa mwanawe, Arthur. Kijana huyo alifariki katika ajali ya gari mwaka 1958, na tangu hapo fedha za atelye zikaanza kuteleza. Mwaka 1960 alikubali kushona katika duka kubwa la Saks la New York, mahali ambapo fundi yeyote angetamani jina lake lionekane, lakini kitambaa na mishahara ya wasaidizi vilikuwa juu yake mwenyewe, na alikuja kugundua kwa kuchelewa kwamba magauni aliyoyauza kwa dola 300 yalikuwa yamemgharimu kama dola 450. Mwaka 1962 serikali ilikuwa inamdai kodi ya dola 12,800, wauza vitambaa wakimdai zao, na mwaka huohuo jicho lake moja likaondolewa kwa ugonjwa wa glakoma. Rafiki asiyejulikana alilipa ile kodi. Ann Lowe aliamini hadi mwisho kwamba ni Jacqueline Kennedy.

Mwanamke aliyewashonea watu matajiri kuliko wote nchini mwake hakuwa anajua gauni moja linamgharimu kiasi gani! Ninayaandika haya kwa sauti kali kwa sababu ninawajua mafundi wa mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kenya na Ruashi, ambao wakiulizwa bei humtazama mteja viatu, kisha hutaja namba. Katika daftari langu kila gauni lina ukurasa wake: kitambaa, bitana, uzi, zipu, shanga, nauli ya kufuata vitu, mafuta ya jenereta, posho za wasichana, na siku zangu mimi. Mafuta ya jenereta ndiyo husahaulika zaidi, na siku za fundi mwenyewe hazikumbukwi kabisa. Avansi yangu, yaani malipo ya kwanza, hulipia vitambaa vyote na nusu ya kazi. Salio hulipwa siku ya kujaribisha gauni, si siku ya harusi, kwa kuwa siku ya harusi hakuna anayekumbuka deni. Kama huwezi hesabu, mtafute anayeweza katika ukoo, hata kama ni mtoto wa sekondari, na umlipe. Narudia: umlipe, na aandike.

Jambo la tatu ni jina. Mwaka 1961 jarida moja la wanawake la Marekani liliandika kuhusu gauni la Jacqueline Kennedy likamtaja aliyelishona kuwa mshonaji mweusi tu, bila jina. Ann Lowe alimwandikia barua mke wa rais, akasema jambo hilo limemuumiza na kwamba, ikiwa lazima atajwe, afadhali atajwe kuwa mbunifu mweusi mwenye sifa. Alikuwa amebakiza senti chache, lakini barua aliiandika. Ninawaambia mabinti wangu wa atelye waisome habari ya barua ile kila mteja anapowaita "yule msichana wa kushona".

Kwa muda mrefu ilionekana kana kwamba barua ile haikuzaa kitu. Leo magauni yake yamehifadhiwa Washington katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, na mengine yako Metropolitan Museum ya New York. Mwaka 2023 jumba la Winterthur, jimboni Delaware, lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, na kwa kuwa gauni lenyewe la harusi, linalotunzwa katika maktaba ya Kennedy huko Boston, limechakaa mno kuonyeshwa, mwalimu wa ushonaji wa Chuo Kikuu cha Delaware alilishona upya kwa kufuata mikono ya mwenyewe. Kando ya magauni yake waliweka kazi za wabunifu weusi waliomfuata, akiwamo Tracy Reese na Amsale Aberra, mzaliwa wa Addis Ababa, aliyejenga jina lake New York kwa magauni ya harusi. Kwangu mimi urithi wake mkubwa uko ndani ya nguo. Alijenga sidiria na gaguro ndani ya gauni lenyewe, ili mvaaji aingie mara moja na nguo isimame, na mishono ya ndani aliimaliza kwa uangalifu uleule wa nje, mahali ambapo mpiga picha hafiki.

Humo ndani ndimo ninapoweka lebo yangu. Zamani niliishona shingoni kama wafanyavyo wengi, lakini ya shingoni hukatwa kwa mkasi wa kucha kwa dakika moja, na gauni likawa la Dubai. Siku hizi naipitisha katika mshono wa ubavu wa kushoto, kati ya bitana na kitambaa, chini kidogo ya kwapa, na naikaza pamoja na mfupa wa kifua, ule ukanda mgumu unaolisimamisha gauni. Anayetaka kuiondoa itambidi afumue ubavu mzima, na akishaufumua atahitaji fundi wa kuurudishia.