Marafa saa saba mchana na watoto? Futa kabisa

Futa hiyo saa saba. Umeandika kwamba mnafika Malindi Ijumaa, wewe na mkeo na watoto wawili, Jumamosi asubuhi magofu ya Gede, halafu "saa saba Marafa tupige picha, jioni tuko ufukweni". Ratiba hiyohiyo ndiyo niliyoifuata mimi Februari mwaka juzi, ikanilaza wodini na mtoto wa miaka saba.

Naishi Malindi, joto si geni kwangu. Lakini joto la mjini lina upepo wa bahari. Ukishavuka daraja la Sabaki ukaingia bara kilomita 30 na kitu, upepo huo umeuacha nyuma. Marafa, wenyewe wanapaita Nyari, ni korongo. Mvua imeyala yale mawe ya mchanga mpaka zimebaki kuta na minara, nyeupe, ya waridi, ya machungwa, nyekundu. Ukisimama ukingoni huoni taabu yoyote. Shuka sasa. Kivuli hakuna, kuta zimekuzunguka, hewa imesimama, na ukuta mweupe unakurudishia jua usoni. Tulikuwa watu wanne na chupa mbili za maji za nusu lita.

Mwanangu alitangulia mbio, maswali mfululizo. Baada ya kama dakika ishirini akanyamaza. Hapo ndipo niliposhtuka, maana huyu hanyamazi hata akila. Nikamshika shingo: kavu, na inachoma. Jasho limekatika kabisa. Akatapika mara mbili, miguu ikalegea. Nilimbeba mgongoni kupanda njia yote ile, mchanga unateleza chini ya ndala, mamake nyuma analia. Kijana anayetembeza wageni pale, Mungu ambariki, alikimbia mbele akarudi na ndoo, akamvua shati, akammwagia maji kichwani na kwapani. Usiku ule mtoto alilala na dripu mkononi, nami nimekaa kwenye benchi namhesabia pumzi.

Na anayeniuma mpaka leo ni dereva. Nilimuuliza waziwazi: saa hizi na watoto, ni sawa? Akanijibu, "Mchana ndiyo rangi zinatoka vizuri, tena hakuna watu." Uongo mtupu! Jua la utosini linaua rangi, picha zangu zote zimetoka kama ukuta uliopakwa chokaa. Baadaye nikajua kwamba jioni alikuwa na wageni wengine wa kupeleka palepale. Sisi tulitiwa kwenye saa zake za mapumziko. Anajua lile korongo kuliko mimi, na bado alimpeleka mtoto wa mwenzake mle ili apate tripu mbili kwa siku moja. Sijamsamehe.

Kwa hiyo sikia: tokeni mjini saa tisa, mshuke saa kumi na nusu, si mapema zaidi. Jua linazama saa kumi na mbili na ushei, na saa ile ya mwisho ndiyo kuta zinawaka. Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji, watoto wavae kofia, na wanywe kabla hawajaomba. Mkichelewa njiani, tazameni mkiwa juu ukingoni, kwa sababu kupanda kule gizani nako kuna hatari yake.

Sisi tulirudi Agosti, saa kumi na moja jioni tuko chini. Yule kijana akatusimulia habari wanayoisimulia wenyeji, ya matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa yao, wekundu ni damu. Mwanangu aliokota udongo ulioanguka, akaupaka kidole kimoja mwekundu na kingine mweupe, akamwonyesha mamake bila kusema neno.

Gede asubuhi ni sawa, msitu utawapa kivuli. Lakini dereva wako mpigie leo. Akikuambia mchana ndiyo rangi zinatoka vizuri, kata simu utafute mwingine.